Ngozi ya Ohn Yin

Kijijini kwetu Myinkaba bibi harusi hupokelewa na harufu kabla ya kupokelewa na watu. Ni harufu ya utomvu wa mti wa thitsi, ule mweusi tunaopaka vyombo, nzito na chachu kidogo, na sisi tuliozaliwa humu hatuisikii tena. Ohn Yin aliisikia. Alishuka kwenye mkokoteni wa ng'ombe akiwa na maua nyweleni na hariri ya kuazima mwilini, akapiga chafya mbele ya mama mkwe wake, na sisi watoto tuliopanda ukuta kumtazama tukacheka mpaka tukafukuzwa.

Kwao kulikuwa upande wa Mlima Popa, kwa wagema. Baba yake alipanda mivumo asubuhi na jioni, mama yake akayachemsha maji yake matamu mpaka yakawa sukari guru. "Utomvu wa kwetu unalambwa," aliwaambia wanawake wa hapa siku zile za kwanza. "Wa kwenu mnauogopa." Wakamjibu kwamba wao hawauogopi hata kidogo, atakayeuogopa ni yeye. Ulikuwa mzaha wa kawaida. Kila mgeni anayeolewa Myinkaba anajua kwamba utomvu mbichi utamwasha, atavimba, atachekwa, atapona, kisha mwili utazoea na habari itakwisha.

Mumewe, Ko Ba Htwe, alikuwa mtoto wa kwanza wa Daw Saw Tin, mjane aliyeendesha karakana yake kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyethubutu kuipita. Alikuwapo pia Nyan, mdogo wake Ba Htwe, kijana mwenye mdomo. Nyumba yao ilijulikana kwa mabakuli ya watawa, na kwa vikombe vilivyofumwa kwa nyuzi nyembamba za mianzi na nywele za mkia wa farasi, vyepesi na laini kiasi kwamba ukikibana kikombe pande mbili za mdomo wake hugusana, na ukikiachia hurudi kilivyokuwa bila ufa. Chini ya nyumba kulikuwa na handaki la matofali lenye sakafu ya mchanga. Utomvu haukauki juani kama nguo. Unataka giza na unyevu. Kwa hiyo mchanga ulimwagiwa maji, vyombo vikapangwa humo, mlango ukafungwa. Baada ya wiki vilitolewa, vikasuguliwa, vikapakwa tena, vikarudishwa. Bakuli moja huzikwa na kufufuliwa mara nyingi kabla halijaonja wali.

Daw Saw Tin alimpa mkwewe kazi ya kwanza kama anavyopewa kila bibi harusi: kikombe kitupu cha mianzi na kibakuli cha utomvu, apake kwa vidole. Ohn Yin alipaka kwa bidii ya mtu anayetaka kupendwa. Kesho yake macho hayakufunguka. Shingo ilivimba, mikono ikatoka malengelenge yaliyotiririka maji, na midomo ikageuka nje.

"Shemeji," Nyan alimwambia akichungulia mlangoni, "wewe na lile zimwi la langoni pa pagoda mmezaliwa mama mmoja?"

"Zimwi lina bahati," Ohn Yin akajibu kwa shida. "Halina shemeji."

Daw Saw Tin alikuwa ameketi karibu yake akisaga kipande cha mti wa msaji juu ya jiwe lenye maji, jinsi wanawake wengine wanavyosaga thanaka ya kujipaka usoni. Uji wa msaji ndiyo dawa yetu ya utomvu. Alimpaka mkwewe kuanzia kwenye nywele mpaka vidoleni, polepole, na Ohn Yin aliniambia baadaye kwamba tangu alipoachishwa ziwa hakuna mtu aliyewahi kumgusa kwa muda mrefu hivyo.

Alipona, akarudi karakanani. Akavimba zaidi. Wanawake walimwambia avumilie, naye akavumilia, na mara iliyofuata alipelekwa kwa daktari wa mjini Nyaung U akiwa hawezi kumeza. Wakajaribu kumweka kwenye nakshi, kazi inayofanywa kwenye chombo kilichokwisha kukauka, kwa kalamu ya chuma yenye ncha. Hapo hakuna utomvu mbichi. Lakini kila mchoro unatoa unga, unga ule mwembamba mweusi ukamwingia machoni, na kope zake zikafura kama maandazi.

"Basi, mwanangu," akasema Daw Saw Tin. "Kuna watu utomvu hauwataki. Usigombane nao."

"Nimekuja kuolewa na mtu, Mama. Sikujua lazima na mti ukubali."

"Mti ndio unaotulisha. Ukikukataa, kaa mbali nao. Jiko ni lako."

Hakuna aliyemtukana. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa sababu tusi linajibika. Alipewa jiko lenye bomba, chungu kikubwa cha kupikia maharage meusi, na heshima zote za mke wa mwana mkubwa, ila karakanani hakuingia na handakini hakushuka. Mafundi waliokuja kula kwake walinawa mara mbili ili wasimletee utomvu kwenye vyombo vyake. Alikuwa mgeni wa kudumu katika nyumba yake mwenyewe.

Ko Ba Htwe alikuwa mtu mwema, wa maneno machache, na wema wake ulikuwa na uzito wa jembe. "Bila wewe tungekufa njaa," alimwambia.

"Kama ni upishi, ungemwoa yule mzee wa mkahawa wa stendi. Anapika kuliko mimi."

"Yule ana ndevu."

"Na anaingia karakanani kwako kila Jumamosi kuchagua vikombe. Mimi siingii."

Mwaka mmoja walimaliza mabakuli kwa ajili ya watawa wote wa monasteri ya kijiji, wakayapeleka kwa pamoja. Familia ilipiga magoti, maji yakamiminwa tone kwa tone chomboni, thawabu ikagawiwa kwa viumbe vyote na wote wakaitikia. Ohn Yin aliitikia pia. Lakini alikuwa akiyatazama mabakuli meusi yaliyopangwa mbele ya mtawa mkuu na akijua kwamba hakuna hata moja lililopita mikononi mwake. Alijiona kama mtu anayeshukuriwa kwa shamba asilolilima. Tangu siku hiyo, kila alipokwenda kuwaona wazazi wake, alipita Popa kwenye madhabahu ya mizimu ya mlimani na kuweka ndizi na nazi, akaomba jambo moja tu: ngozi yake izoee.

Miaka ikapita hivyo. Mimi nilikwenda kusoma, nikafundisha, nikarudi na mvi za kwanza. Nilikuta watawa wengi wameanza kutumia mabakuli ya chuma, na watalii wanakuja mwaka huu na kutoweka mwaka ujao. Karakana kadhaa zilikuwa zimefungwa na mahandaki yake yamegeuzwa stoo za vitunguu. Nyumba ya Daw Saw Tin ilikuwa ikipumua kwa sababu ya mwanamke mmoja wa Yangon, Ma Wutyi, mfanyabiashara mwenye kucha ndefu na viatu visivyofaa kwa mchanga wetu.

Siku alipofika mara ya kwanza aliweka simu yake juu ya mkeka. "Mama, nataka mnifumie nguo yake. Ya nywele za farasi, nyembamba, nyeusi, na mgongoni mchore mnyama wa siku aliyozaliwa mwenye simu. Wa Jumatatu chui, wa Jumanne simba, wa Jumamosi joka."

Daw Saw Tin aliigeuza simu mkononi. "Simu inavaa nguo?"

"Inavaa. Tena inabadilisha."

"Na wa Ijumaa? Wa Ijumaa ni panya buku asiye na mkia. Nani atambeba huyo sikioni?"

"Wa Ijumaa ni wengi, Mama. Watambeba tu."

Wakacheka, na kazi ikaanza. Makava ya simu yalipendwa Yangon kwa sababu yakianguka yanaruka, hayapasuki. Baadaye zikaja taa za mezani, vikasha vya miwani, mabakuli na vijiko vya watoto wachanga. Ufundi uliokuwa wa watawa na wafalme ulianza kulala chini ya mito ya wasichana wa ofisini, na Daw Saw Tin, ambaye nilitegemea alalamike, alisema tu kwamba chombo ni chombo.

Kisha msimu mmoja wa baridi Ma Wutyi alirudi bila kuarifu, na mfuko mkubwa. Aliumimina mkekani. Yalikuwa makava yale yale aliyoyachukua, na mengine yalikuwa yametupiwa kwenye mfuko kama vitu vya kuogopwa.

"Wateja wangu wameota masikio," alisema. "Yamevimba, mekundu, hivi. Mmoja alikuwa anaolewa wiki hii. Shavu lake la kulia ni la kwake, la kushoto ni la mama yake mkubwa. Mmenitilia nini humu?"

"Hatukutia kitu," akasema Ko Ba Htwe. Alichukua kava moja, akalibana shavuni, akakaa nalo. Nyan akachukua jingine akaliweka sikioni kama anaongea na mtu. Mafundi wakafanya vivyo hivyo. Walikaa pale mkekani kama kituo cha simu, wanaume wazima, kila mmoja na joka lake sikioni, wakisubiri kuwashwa. Hawakuwashwa.

"Ni mafuta wanayojipaka," alisema Nyan.

"Wote wanajipaka mafuta ya aina moja?"

"Basi ni ngozi za Yangon. Zimelelewa kwenye kiyoyozi."

"Kaka, sikukaa usiku kucha kwenye basi nije kutukaniwa ngozi."

Daw Saw Tin alinusa kava, akaligongagonga kwa kucha, akalitazama kwenye mwanga. Lilikuwa jeusi, gumu, linang'aa. "Limekauka," alisema, na alilisema kwa imani yake yote. Ma Wutyi akasema kwamba kama hawakubali kosa, asubuhi ataondoka na hatarudi tena. Ohn Yin ndiye aliyeleta chai na sahani ya majani ya chai yaliyochachushwa, karanga na ufuta, ili watu wapate cha kufanya na midomo yao. Alipoona mkeka hauna nafasi aliyakusanya makava, akayarudisha mfukoni, akaupeleka mfuko stoo.

Asubuhi Ma Wutyi alikuwa amekwisha kuvaa viatu vyake. Ohn Yin akatoka jikoni na mikono yake ameinyoosha mbele. Vidole vilikuwa vimevimba kama ndizi mshale na viganja vimejaa malengelenge.

"Yin," alisema Daw Saw Tin, "umegusa nini?"

"Nguo za simu tu, Mama. Nilizitoa mkekani jana."

"Hukwenda karakanani?"

"Miaka mingapi sijakwenda karakanani?"

Mama mkwe wake aliketi kwenye ngazi. Alimwita Nyan na kumuuliza kuhusu mchanga wa handakini, na Nyan, aliyekuwa na mzaha siku zote, akakiri bila mzaha. Ulikuwa msimu wa upepo mkavu, sherehe za pagoda ya Ananda zilikuwa zimepamba moto, na mchanga alikuwa ameumwagia maji siku alizokumbuka. Utomvu ulikuwa umeshika juu tu. Ndani, chini ya ule weusi unaong'aa, ulikuwa bado mbichi, na joto la simu na la shavu lilitosha kuuamsha.

"Tumekulia ndani ya kitu hiki mpaka hatukisikii," Daw Saw Tin akasema. "Pua zetu zimekufa, ngozi zetu zimekufa. Mtu mmoja tu humu ndani yu hai, nami nimemfungia jikoni."

Akamgeukia Ma Wutyi na kumwomba radhi, akiwa ameinamisha kichwa, mbele ya mafundi wote. Makava yote yalifanywa upya. Ma Wutyi alibaki siku chache, akala maharage ya Ohn Yin, akaondoka amepoa.

Tangu hapo hakuna chombo kilichotoka katika nyumba ile bila kupita kwenye mkono wa Ohn Yin. Alikijaza maji ya moto ili kipate joto, akayamwaga, akakifunga kwa kitambaa upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, akaendelea kupepeta mchele. Kesho yake, au keshokutwa, ngozi ilisema. Ikibaki ilivyo, mzigo ulifungwa. Ikiwa na wekundu, hata kidogo, kundi zima lilirudi handakini. Jiwe la kusagia msaji halikukauka. Mkono wake wa kushoto ukawa na mabaka ya kahawia ambayo hayakuondoka, na alipokwenda sokoni alikunja mkono wa blauzi, ingawa wanawake wengine wangefunika.

Watu wa karakana nyingine wakaanza kuja. "Dada Yin, tupimie hiki."

"Nina mkono mmoja wa kupimia. Pangeni foleni."

"Si una miguu?"

"Miguu ni ya kumkimbia shemeji."

Nyan naye alimheshimu kwa namna yake. Akimwona anajikuna alitangaza karakana nzima kwamba jaji ameanza kutoa hukumu. Daw Saw Tin aliyekuwa akipakuliwa wa kwanza kila mlo, kama inavyompasa mkubwa wa nyumba, alianza kutoa kipande kinono cha samaki kwenye sahani yake na kukiweka kwenye sahani ya mkwewe. Na walipopeleka tena mabakuli monasterini, machache safari hii, Ohn Yin alipiga magoti akiwa na wekundu wa bakuli la mwisho mkononi, na alipoitikia, aliitikia kama mwenye shamba.

Nimefikiri mara nyingi juu ya furaha ile. Ilikuwa furaha ya mtu aliyepewa kazi na kile kilichomuumiza. Sina hakika kama ningeitamani. Lakini niliiona usoni pake miaka kadhaa, na sijui sura nyingine ya shukrani iliyo wazi kama ile.

Halafu ngozi ikaanza kunyamaza.

Hakuligundua mara moja. Kulipita mizigo kadhaa bila wekundu wowote, naye akafurahi, akamsifu Nyan kwamba siku hizi anamwagilia mchanga kama mtu mzima. Ma Wutyi alikuwa ameagiza mabakuli na vijiko vya shule ya chekechea ya Mandalay, vyekundu ndani na vyeusi nje, na tembo wadogo ukingoni wamechorwa kwa mkono. Ohn Yin aliyafunga mkononi mwake moja baada ya jingine, akayapitisha yote. Yakapangwa kwenye maboksi ndani ya nyasi kavu.

Siku hiyo hiyo Nyan alipanda kutoka handakini akiwa na kiu, akanyoosha mkono kupokea kata ya maji bila kunawa, na kidole chake kikaacha mstari mweusi wa utomvu mbichi juu ya kifundo cha mkono wa Ohn Yin. Wote wawili waliutazama. Nyan alikimbilia mafuta ya ufuta kuufuta, huku akiomba msamaha, na Ohn Yin akasaga msaji akausubiri uvimbe. Aliusubiri kesho yake. Aliusubiri na keshokutwa. Mkono ulibaki mkono.

Alichoomba Popa kilikuwa kimekuja, kama mgeni anayefika vyombo vimekwisha kuoshwa. Ngozi yake ilikuwa imezoea. Ilikuwa imekufa kama za wengine, na hakujua imekufa tangu lini. Maboksi ya Mandalay yalikuwa barazani, hatua chache kutoka jikoni. Huenda mabakuli yale yalikuwa yameiva kabisa. Huenda hayakuiva. Yalipitishwa na mkono usiosikia, na midomo itakayoyagusa ni ya watoto wenye umri wa kulamba kila kitu. Akisema, yeye ni mpishi tena. Asiposema, hakuna atakayejua, isipokuwa watoto.

"Nilikaa na jambo lile kama mtu aliyemeza mfupa," aliniambia. "Nilikuwa napika, namwaga chumvi mara mbili. Ba Htwe alikula akanyamaza. Yule mtu angekula mchanga akanyamaza."

Lori la Ma Wutyi lilikuwa lije baada ya sikukuu ya taa, mwisho wa mfungo wa watawa wa miezi ya mvua. Siku hiyo, kabla mishumaa haijawashwa, wadogo huenda kwa wakubwa wao na matunda na nguo, hupiga magoti, na kuomba wasamehewe waliyokosa kwa mwili, kwa ulimi na kwa mawazo. Ko Ba Htwe alipiga magoti mbele ya mama yake, kisha Nyan, kisha Ohn Yin. Daw Saw Tin alikuwa amezeeka, amekaa kwenye godoro jembamba, miguu imekunjwa upande. Alimbariki kila mmoja kwa maneno yale yale. Wanaume wakainuka. Ohn Yin hakuinuka.

"Yin, magoti yatakuuma," alisema mkwewe.

"Mama, mkono wangu umekufa."

"Umepooza?"

"Haujapooza. Nyan alinipaka utomvu mbichi kwa bahati mbaya na sikuvimba. Hata kuwashwa sikuwashwa. Sijui tangu lini. Mabakuli ya watoto nimeyapitisha kwa mkono uliokufa." Kisha akasema lile lililokuwa chini ya yote. "Sina tena cha kuwafaa."

Nyan, mlangoni, aliinamisha uso. Ko Ba Htwe alifungua mdomo, na kwa mara moja maishani mama yake hakumngoja atafute neno.

"Lete huo mkono," alisema Daw Saw Tin.

Akauvuta, akaugeuza, akayapapasa mabaka ya kahawia kwa kidole gumba, moja moja, kama anayehesabu shanga za sala. Akamwagiza Nyan alete tone la utomvu mbichi kwenye ncha ya mwanzi, akalipaka mwenyewe chini ya kiwiko. "Tutaona. Na yale maboksi yafunguliwe. Yarudi chini yote."

"Ma Wutyi atasemaje?" akauliza Ko Ba Htwe.

"Atasema anavyotaka. Watoto wana sahani za plastiki, watangoja."

"Na baada ya hapo nani atatupimia?"

"Muda utatupimia. Kila kitu kikae handakini mara mbili ya zamani. Tutauza kidogo, tutalala vizuri."

"Au mnioze mimi," Nyan akasema. "Mke mwenye ngozi laini."

"Mwenye ngozi laini atakutazama mara ngapi?" mama yake akamwuliza, na hapo hata Ohn Yin, aliyekuwa bado amepiga magoti, akacheka huku machozi yakimshuka.

Tone lilikaa mkononi sikukuu nzima. Watu walipita na mishumaa, pagoda zikang'aa kutoka chini mpaka juu, na katika nyumba ile kila mtu aliyepita jikoni alijifanya anatafuta chumvi ili autazame mkono wa mke wa Ba Htwe. Haukuota kitu. Tulipokutana barabarani niliona amefunika mkono kwa blauzi na nikadhani ameaibika. Kumbe alikuwa anaogopa kufurahi.

Ma Wutyi alipigiwa simu. Alinung'unika, akauliza kama watoto wa Mandalay wataota midomo, akaambiwa kwamba ndiyo maana wanangojeshwa, akasema basi. Mabakuli yale hatukujua kamwe kama yangemdhuru mtu. Yaliporudi juu yalikuwa magumu kama jiwe la mto, na yangali yanatumika mpaka leo, nasikia, ingawa tembo wameanza kufifia kwa kulambwa.

Yaliyotokea handakini alinisimulia mwenyewe, tukiwa tunachambua maharage barazani kwake, naye sasa, kwa heshima ya umri, ni Daw Ohn Yin, mkubwa anayepakuliwa wa kwanza. Alisema yalipokuwa yanarudishwa maboksi, alisimama juu ya ngazi na kupokezana mabakuli na wengine kama alivyozoea, akiishia pale anapoishia siku zote. Daw Saw Tin, aliyekuwa hajashuka mwaka mzima kwa sababu ya magoti, alianza kushuka kinyumenyume, ameshika ukuta.

"Mama, utaanguka."

"Basi njoo unishike. Unangoja kuitwa kwa barua?"

Akashuka akamshika. Chini kulikuwa na ubaridi wa kisima. Aliona rafu baada ya rafu, vikombe, mabakuli, masanduku, makava ya simu yamesimama kama vipande vya mkate, vyote vimekaa gizani vikifanya kazi yake polepole. Alisema alihisi ameingia mahali watu wanapolala na hakutaka kuwaamsha. Daw Saw Tin aliketi kwenye kigoda, akaweka taa sakafuni, akavuta chungu cha utomvu na bakuli tupu la mianzi.

"Si kwa vidole kama siku ile. Kwa kiganja. Usiubandike, uupeleke. Zungusha bakuli, mkono ukae."

Ohn Yin alichovya kiganja. Utomvu ulikuwa wa baridi, alisema, mzito kuliko alivyoukumbuka, na harufu yake, ile iliyompigisha chafya siku ya harusi, hakuisikia kabisa. Alipaka. Alizungusha. Mkono haukukaa, kwa hiyo utomvu ukajikusanya upande mmoja na kuacha mawimbi, na ukingoni ukatiririka. Mkwewe aliliinua bakuli kwenye taa, akalizungusha polepole, akaliweka chini.

"Limeharibika," alisema Daw Saw Tin, na kumsogezea chungu. "Chukua jingine."